Darasa Lililojaa

Mwalimu wa Ratiba alimwambia Hodan kwamba darasa la Fizikia limejaa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Hodan, mlango ulikuwa wazi, na ndani hapakuwa na mtu. Niliona stuli zimepangwa, meza za maabara zimepanguswa, na ubaoni kuna kichwa cha somo kwa mwandiko wake uliolalia kulia. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni na chaki mkononi, kama mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi.

"Limejaa, binti yangu," alirudia kwa upole. "Nikikuingiza wewe, nimwinue nani?"

Hodan alichungulia chini ya mkono wake, akanitazama mimi, akachungulia tena. Kisha mlango ukafungwa, na kutoka ndani tukamsikia akisema, "Samahanini. Tulikuwa wapi?"

Kila ninapoeleza tukio hili, watu huuliza kama mzee yule alikuwa na akili timamu. Alikuwa nazo kuliko wengi wetu. Nitaeleza ninachokijua, nilichokiona na nilichoambiwa, bila kuvichanganya.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, mjini Garissa. Mwalimu wa Ratiba alifundisha Dini na Historia, lakini hakuna aliyemtambua kwa masomo hayo. Alijulikana kwa karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani nje ya chumba cha walimu, yenye rangi nne na mistari iliyonyooka kama waya. Aliichora mwenyewe kila muhula, akiwa amejifungia na rula yake na chupa ya chai ya iliki. Walimu hawakuwahi kugongana darasani. Tulimwita Maalim mbele yake, na Ratiba alipokuwa mbali, ingawa hakuwa mbali mara nyingi kama tulivyodhani. Alivaa kandambili za tairi ambazo kwa miguu ya watu wengine hupiga kelele, kwake zilikuwa kimya. Unageuka, yupo.

Ndevu zake zilitiwa hina. Mfukoni, mahali ambapo walimu wengine huweka kalamu, yeye aliweka mswaki wa mti. Ukichelewa hakukupiga wala hakukufokea. Aliuliza, "Dakika zangu umeziacha wapi?" na akasubiri jibu kwa dhati. Siku moja msichana mmoja mtundu alimjibu, "Maalim, nimezisahau bwenini."

"Basi nenda kazilete."

Tukacheka. Lakini uso wake haukucheka, ikabidi msichana aende. Baadaye alitusimulia kwamba alisimama katikati ya bweni tupu akiangaza vitanda, asijue achukue nini, na kwamba ghafla aliogopa kurudi mikono mitupu. Alirudi na sweta. Maalim aliipokea, akaitazama, akamrudishia. "Haya, kaa."

Kabla ya kuingia chumba chochote alitoa salamu, hata chumba kikiwa hakina mtu. Hilo halikuwa la ajabu, nyumbani kwetu pia hufanywa. La ajabu ni kwamba baada ya salamu alingoja. Alingoja kwa muda ule ule unaotosha mtu kuitikia, ndipo akavuka kizingiti.

Na hakuhesabu watu. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa vipindi, dakika na idadi ya vyumba, hakuwahi kusikika akisema darasa lina wasichana wangapi. Wafugaji wengi wa kwetu hawapendi kuhesabu mifugo wala watoto kwa sauti. Baba yangu ukimuuliza ana ngamia wangapi atakwambia Mungu amempa. Lakini Maalim aliliingiza jambo hilo shuleni. Tulipokwenda ziara ya Historia, mwalimu wa zamu alipanda basi akaanza kutuhesabu vichwa kwa kidole. Maalim alimshika kidole kile, akakikunja taratibu kama anayefunga kisu.

"Usiwaonyeshe hivyo."

"Maalim, tutajuaje kama wametimia?"

Alitupitishia macho kiti baada ya kiti, jinsi mchungaji anavyolitazama kundi linapotoka zizini. "Ifrah hayupo," alisema. Ifrah alipatikana chooni, akilia kwa sababu ya tumbo.

Nilimuuliza wakati fulani sababu yake. Alisema, "Nikitaja namba, jicho linajua pa kuanzia." Hakufafanua jicho la nani.

Likizo zilipokwisha na baadhi ya wasichana wasirudi, yeye ndiye aliyewafuata. Alipanda malori ya mifugo hadi Modogashe, hadi Liboi, na kutoka hapo alitembea kutoka kambi hadi kambi akiulizia. Wengine aliwarudisha. Aliyemkosa, hakuruhusu dawati lake litolewe. Darasani kwetu lilikuwapo moja karibu na dirisha, na mwanafunzi mgeni alipotaka kulikalia, Maalim alimwambia hilo ni la mtu, akaenda kumletea jingine stoo.

Lakini binti yake mwenyewe wa kwanza aliacha shule akiwa kidato cha tatu, akaolewa na kuvushwa mpaka, ng'ambo ya Liboi. Huyo Maalim hakumfuata. Wapishi walisema ndugu wakubwa wa Maalim ndio walioamua, naye hakufungua mdomo. Kwa muda habari za binti zilifika, kisha zikakoma. Jina la binti huyo halikutajwa mbele yake, na mtu aliyekuwa radhi kulala kwenye lori juu ya mbuzi kwa ajili ya watoto wa watu wengine hakuulizwa na yeyote kwa nini hakufanya hivyo kwa wake.

Sasa nifike kwenye Fizikia.

Hodan ni binti wa ami yangu, na tulikaa dawati moja. Tangu kidato cha kwanza alikuwa akisema atasoma umeme, na sababu yake ilikuwa moja. Huko kwao, upande wa Hadado, kuna kisima cha pampu ya sola. Kiangazi kimoja pampu ilikufa. Waliambiwa fundi atatoka Nairobi. Walimngoja huku mifugo ikianguka, kwanza ng'ombe, kisha mbuzi. Fundi alipofika hatimaye, alifungua kisanduku, akatoa kitu kidogo kama ukucha, akaweka kingine, maji yakaja, akaondoka kabla chai aliyoandaliwa haijapoa. Hodan alikuwa amesimama pale. "Nilimtazama mikono tu," aliniambia. "Hakufanya kitu ambacho mimi siwezi, abaayo, dada yangu. Alikijua tu, basi."

Ili usomee umeme baadaye, lazima uwe na Fizikia. Mwishoni mwa kidato cha pili tulichagua masomo, Hodan akaandika Fizikia mahali pa kwanza, na mahali pa pili akaandika Fizikia tena. Lakini mwalimu wa somo hilo, kijana kutoka bara, alikuwa amekwenda likizo kwao na hakurudi. Si yeye peke yake. Walimu wengi wa bara walikuwa wameuogopa mji wetu wakati ule wa mashambulizi.

Siku simu ilipopigwa kutoka ofisi ya elimu nilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, nimepeleka madaftari. Mkuu wetu alikuwa mama wa kutoka Nyeri, mchapakazi, asiyependa mzunguko. Alishika simu sikioni na kumgeukia Maalim.

"Wanauliza wanaotaka Fizikia ni wangapi, ili waone kama watatuletea mwalimu."

"Wapo," alisema Maalim.

"Wapo wangapi?"

"Wa kutosha darasa."

"Maalim, hawa hawaandiki 'wa kutosha'. Nipe namba."

"Nitakutajia mmoja mmoja. Hodan. Saadia. Naima wa Modogashe..."

"Maalim!" Mama aliifunika simu kwa kiganja. "Niwasomee majina kwenye simu kama orodha ya mahari?"

Maalim aliangalia sakafu. Mama akaomba apigiwe kesho yake. Kesho yake simu haikuja, na shule ilipofunguliwa tulitangaziwa paredi kwamba Fizikia haitafundishwa. Sisemi namba moja ingemleta mwalimu, shule nyingine zilipeleka namba na hazikuletewa mtu. Nasema nilichosikia.

Hodan alipangiwa Sayansi Kimu. Wenzetu walimshangilia bwenini. "Injinia! Leo sambusa zitakaangwa kwa sola!" "Manze Hodan, ukichoma chapati utaita fundi wa Nairobi?" Alicheka nao. Usiku ule hakula.

Kisha ratiba mpya ikabandikwa, na Fizikia imo. Ilikuwa kwa rangi ya kijani, katika maabara ya zamani, na vipindi vyake vyote kamili, jina la mwalimu likiwa la Maalim mwenyewe. Tuliona amekosea kwa mara ya kwanza maishani. Mkuu alimwita mbele yetu pale ukutani, akamwonyesha. Maalim alisema, "Nikiitoa, hakuna atakayejua ilikuwa wapi." Mama alikuwa na mengi ya kufanya, akaiacha.

Chumba cha Sayansi Kimu kiko ubavuni mwa maabara ile, ukuta mmoja. Mimi pia nilikuwa nimepewa somo hilo. Katika kipindi chetu cha kwanza tulikuwa tunachanganya siagi na unga, tukasikia salamu upande wa pili, kisha kimya, kisha hatua zikaingia. Maalim akaanza kuita majina.

"Rukia." Kimya. "Vizuri. Fardosa." Kimya. "Vizuri. Hamdi."

Yalikuwa majina ya kawaida, lakini si ya wasichana tuliowajua. Jina la Hodan halikuitwa. Baada ya hapo alisoma kitabu kwa Kiingereza, pole pole, kama mtu asiye na hakika na somo, akieleza mara kwa Kiswahili mara kwa Kisomali. Aliuliza maswali. Baada ya kila swali alinyamaza, na kisha alisema "Karibu na jibu, mwingine?" au "Ndiyo hivyo, ahsante, kaa." Aliposema kaa, tulisikia miguu ya stuli ikiburuzwa kwenye simenti. Labda aliiburuza yeye. Mwalimu wetu wa Sayansi Kimu alikwenda kwenye sinki, akafungulia maji kwa nguvu, na akayaacha yamwagike hadi kengele.

Unaweza kukisia maneno yaliyofuata. Kwamba Ratiba anafundisha majini. Mpishi mkuu alichoma uvumba mlangoni pa maabara. Mama mmoja kutoka Liboi alikuja kumchukua binti yake. Mwishowe mkuu, ambaye mambo haya hayakuwa ya dini yake, alimwomba shekhe wa mtaani aje asome. Shekhe alikuja, akasoma, na kwa kuwa kipindi kilikuwa kimefika akabaki ndani kusikiliza. Alipotoka alimwambia mkuu, "Hakuna baya humo." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini lakini nilikuwa karibu, "Naomba msiniite tena."

Hodan ndiye pekee aliyekasirika badala ya kuogopa. "Kama majini wanasoma Fizikia na mimi nakanda mahamri," alisema, "basi nataka nikae na majini." Ndipo alipokwenda mlangoni, mimi nikamfuata, akaambiwa limejaa.

Kipindi kilichofuata dirisha la maabara lililoelekea uwanjani lilikutwa wazi, na chini yake, kwa nje, palikuwa na kiti. Hodan hakuuliza. Alikaa. Tangu siku hiyo, kila alipoweza kuponyoka Sayansi Kimu alikuwa pale kwenye kiti, daftari magotini, jua likimchoma. Maalim aliongeza sauti ili asikike nje. Alipofika mahali asipopaelewa kitabuni alipasoma mara mbili, na Hodan akapaelewa, nyakati nyingine akapaza sauti kumweleza. "Ahsante wa dirishani," alijibu Maalim. Ila hakumruhusu kuingia, hata siku za upepo wa vumbi, hata mara ile mvua iliponyesha akalowa mpaka shungi. Nilimuuliza Hodan alichokuwa anakiona ndani. Alisema haangalii.

"Kwa nini?"

"Nikiangalia, sitasikiliza."

Wakati wa kujiandikisha kwa mtihani wa taifa alimlilia mkuu. Mama alisikitika kwa dhati. Hakuna mwalimu aliyesomea Fizikia, hakuna vifaa, hangeweza kuweka sahihi yake hapo. Hodan akamwendea Maalim, na Maalim akamwambia, "Somo unalo. Hilo hawatakunyang'anya." Hodan alinisimulia maneno hayo kwa uchungu. Hakuwa ameomba faraja.

Alifaulu, na Sayansi Kimu aliipata kuliko sisi sote. Chuo cha ufundi kilimwambia anaweza kuchukua upishi. Kila mwaka tangu hapo anaomba umeme, na kila mwaka anajibiwa vile vile. Hivi sasa yuko kwenye duka la nguo la mama yake hapa Garissa, ana kona yake ya kurekebisha simu, na kwenye kona ile kuna pampu ndogo aliyoinunua ikiwa mbovu, ameifungua na kuifunga mara nyingi mno. Nampitia kila siku nikitoka kazini.

Mimi nafanya kazi redio. Mwezi uliopita nilitumwa Modogashe kuandaa kipindi kuhusu soko la mbuzi, na kwenye hoteli ya chai njia panda, kati ya madereva wa malori, nilimwona Maalim. Hina imetoka ndevuni, zimebaki nyeupe. Amestaafu, anaishi Hadado, alikuwa anangoja basi la Wajir. Alinitambua kabla sijavuta kiti.

"Wewe ni yule wa ukutani," alisema. "Uliyekuwa unasikiliza."

Tulikunywa chai. Nilingoja kama nilivyofunzwa kungoja kazini, kisha nikamuuliza wale aliokuwa akiwaita ni akina nani.

"Walioandika Fizikia," alisema bila kusita, "miaka yote niliyokuwa pale, kisha wakaondoka kabla ya kufika. Aliyeolewa, aliyefuata mifugo, aliyevuka mpaka. Kila mmoja alikuwa na nafasi. Mimi kazi yangu ni nafasi."

"Na Hodan? Yeye alikuwa mlangoni, Maalim. Alikuwa anakuomba."

"Hodan alikuwepo." Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa. "Mle ndani niliwaita waliopotea. Ningemwingiza na kumwita jina pamoja nao, ingekuwaje? Nilimweka dirishani ili abaki huku."

Dereva mmoja alicheka jambo lake meza ya pili. Nikasema, nisijue nimethubutuje, "Na binti yako, Maalim?"

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga. "Yeye hukaa mbele," alisema.

Nilimwambia kwamba Hodan bado anaomba chuo, bado anakataliwa, na kwamba kwangu mimi dirisha halikumsaidia. Alilisikiliza neno hilo mpaka mwisho na hakujitetea. Basi likapiga honi. Akiwa anainuka aliniuliza kama nimesikia kwamba pampu ya Hadado ilikufa tena.

"Sijasikia. Nani ameitengeneza?"

"Mwanafunzi wangu."

"Mwanafunzi yupi?"

"Wa Fizikia," alisema, akapanda.

Nilimpigia mtunza kisima wa Hadado, mzee ninayemjua tangu utotoni. "Bamba iko sawa kabisa," alisema, maana pampu yeye huiita bamba. "Msichana ya Maalim alitengeneza." Msichana gani? Hakujua. Alikuja na Maalim asubuhi, amejifunika uso, alifungua kisanduku, akafanya kazi bila kusema, akafunga. Alipomuuliza amejifunzia wapi alitaja shule yetu. Alisema atarudi kuangalia nyaya za juu. "Mimi nilifikiri ni Hodan," alisema mzee. Wiki ile pampu ilipotengenezwa, Hodan alikuwa dukani Garissa siku zote. Nilikuwa nikimwona kwa macho yangu. Nilipiga pia shuleni kwetu, kwa mwalimu aliyeshika nafasi ya Maalim. Tangu yule kijana wa bara aondoke, hakuna msichana wao aliyefanya Fizikia.

Nilipomweleza Hodan juzi nilitarajia atastaajabu, au ataogopa. Alipanga bisibisi zake kwenye kitambaa, akakikunja.

"Yupo anayejua," alisema, "na yuko kwetu."

"Humjui ni nani."

"Sitaki kujua ni nani. Nataka anionyeshe."

"Hodan, subiri twende wote Ijumaa."

"Walaal, ndugu yangu, nimesubiri vya kutosha." Alimwachia mama yake funguo za kona, akapanda basi jana alfajiri.

Simu yake haipatikani, lakini upande ule mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo hilo peke yake si kitu. Leo baada ya alasiri nilimwomba mtunza kisima aende akaangalie kama amefika. Amenitumia ujumbe wa sauti, na nyuma yake upepo unasikika pamoja na maji yanayotoka kwa nguvu. Anasema wasichana wako wawili kwenye bamba, wamejifunika uso wote wawili, wanafanya kazi pamoja vizuri sana, na amewaita lakini hakuna aliyegeuka. Anauliza wa kwetu ni yupi.